Bakuli Linarudi Tupu

Iringa,
16 Aprili 1956

Wifi yangu Atuganile,

Mimi nimefika, mgongo wangu bado uko njiani. Basi lilitupepeta toka Mbeya mpaka hapa, na kila shimo liliponirusha nilikuwa namwaza baba. Eliezeri na watoto niliwakuta wazima. Wamekula ugali na maharage wiki nzima bila jani hata moja, na huyu mume wangu mwalimu, mwenye kufundisha watoto wa watu, ananiambia hakujua mboga zinachumwa wapi.

Wifi, sina raha. Zile kucha za baba, nyeupe kama karatasi, hazinitoki machoni. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Tangu mama alipotuacha mwaka jana anakula kama mtu anayelazimishwa. Daktari alisema wazi mbele yangu na mumeo Jailos kwamba damu imepungua, kwamba atampa dawa lakini dawa kubwa iko jikoni, na kwamba asipokula vizuri tusitegemee kuwa naye Krismasi. Hilo la Krismasi sikukwambia siku ile kwa sababu ulikuwa unamnyonyesha Anyitike. Sasa nakuambia.

Sikupi kazi mpya. Pika unachopika kila siku, ila ongeza kidogo kidogo. Kwenye uji wa ulezi tia kijiko cha karanga za kusaga. Majani ya maboga, mnafu, majani ya kunde, chuma asubuhi hiyohiyo, osha kabla ya kukata, funika sufuria, na usiyachemshe mpaka yakasahau kwao. Ukiepua, kamulia ndimu. Makande yawe na maharage mengi kuliko mahindi. Usipa, dagaa wale wa Kyela, utwange ukiwa mkavu uwe unga, umnyunyizie kwenye mchuzi hata asijue. Jumamosi mtafutie maini. Kitunguu saumu usikiache. Na badala ya yale majani ya chai yaliyokwisha rangi, mchemshie mchaichai na kipande cha tangawizi. Mbegu za mchicha nimezifunga kwenye kitambaa chekundu, ziko juu ya kabati la mama, lililoko jikoni kwako. Haya yote alinifundisha Sista wa darasa la kina mama hapa misheni, ambalo sasa namsaidia kufundisha, na haba na haba hujaza kibaba.

Najua wewe huwezi kumtazama mkwe wako, na sikuambii uvunje mwiko. Jailos yupo. Alisimama kwenye kaburi la mama akaniapia kwamba hatatoka Ilomba mpaka baba arudi kushika jembe. Basi yeye aangalie kucha, macho na miguu kila Jumapili, wewe uandike. Macho yake yawe macho yangu.

Wifi yako,
Tupokigwe


Ilomba, Mbeya,
29 Aprili 1956

Baba Anyitike,

Barua ya dada yako imekuja, nami sijui niijibu vipi. Basi lake lilikuwa halijafika hata Chimala, nawe umeshafunga mzigo wako wa kwenda kutafuta dhahabu Makongolosi. Sasa anataka kucha za baba yako, anataka macho, anataka miguu. Nitavitoa wapi mimi? Miaka minne niko kwenu na sijamtazama usoni. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba na mtoto mgongoni mpaka apite. Mama zetu waliwakimbia na rafiki za mkwe pia. Sisi wa misheni tumelegeza hilo, lakini mkwe mwenyewe ni mwiko, na baba yako ni wa kwanza kulinda.

Napika alivyosema dada yako. Saa nne na jioni naweka bakuli juu ya lile jiwe la kusagia kwenye mpaka wa migomba, nagonga kifuniko mara mbili, narudi nyumbani. Mzee Yotamu anakuja kulichukua. Baadaye anagonga naye, nakwenda kuchukua bakuli. Linarudi tupu, limefutwa kabisa. Kwa hiyo anakula, namshukuru Mungu.

Lakini mama yako alipokuwa hai ndiye aliyemwona. Wewe ulipokuwapo, ndiye uliyemwona. Sasa hakuna wa nyumbani anayemwona. Nimwambie dada yako kwamba umeondoka?

Mimi mkeo,
Atuganile


Makongolosi,
13 Mei 1956

Mama Anyitike,

Usimwambie. Dada yangu akijua, atapanda basi kesho yake, aje aniaibishe mbele ya wazee na mbele ya mchungaji. Unamfahamu, ulimi wake unakata kuni.

Sitakaa huku milele. Tuko watatu kwenye shimo moja, na mwamba umeanza kuonyesha rangi. Mwezi wa saba nitakuwa nyumbani, na huyo baba nitampeleka mwenyewe hospitali akiwa amevaa koti jipya. Nikirudi mikono mitupu ndiyo itakuwa nimeapa bure.

Wewe mwandikie kwamba nimesema baba anaendelea vizuri. Si uongo. Bakuli likirudi tupu mtu ameshiba. Umewahi kuona mgonjwa anafuta bakuli? Na pale yuko na Mzee Yotamu na Mzee Sedekia, aliotoka nao Rungwe kijiji kimoja, rika moja. Baya lolote lingetokea wangesema.

Mbusu mtoto.

Mumeo,
Jailos


Ilomba, Mbeya,
3 Juni 1956

Wifi yangu Tupokigwe,

Salamu kwako, kwa shemeji mwalimu na watoto. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya palizi.

Mambo yako nayafuata yote. Mchicha wa kitambaa chekundu umeota nyuma ya jiko na unanifikia gotini. Usipa naupata kwa mama mmoja sokoni anayetoka Kyela, nautwanga, hauonekani kwenye mchuzi. Uji wa karanga nilikuwa siujui. Niliuonja, nikamimina wa pili kwa ajili yangu, na Anyitike anautaka kuliko maziwa. Siku moja nilikosa ndimu nikatia maji ya ukwaju kidogo kwenye mnafu, ukapendeza. Naona siku hizi hata nikipika vyangu mwenyewe mkono unakwenda kwenye karanga bila kuuambia.

Bakuli linarudi tupu kila siku, asubuhi na jioni. Hata mchuzi haubaki.

Jailos anasema macho ya baba yenu yameanza kupata rangi na miguu imepungua. Anakusalimu sana. Ameumia kidole, ndiyo maana hashiki kalamu.

Tena kuna jambo la kukufurahisha. Mzee Sedekia aliyekuwa anatembelea fimbo, juzi nimemwona anapasua kuni, na mashavu yamemjaa. Mzee Yotamu naye anapiga mluzi akija kuchukua bakuli. Nilimuuliza, "Mzee anakula?" Akanijibu, "Tunakula, mwanangu, tunakula vizuri sana." Nikasema moyoni, wazee wa nyumba ile wote wamepata nguvu.

Jumapili somo lilikuwa la yule mzee wa Biblia mwenye kumtoa mwanawe sadaka juu ya mlima, ambaye ni wajina wa baba yenu. Unajua jina la mkwe siwezi kulitamka. Wote waliitikia somo, mimi nikaangalia sakafu. Mke wa mchungaji akadhani naumwa.

Wifi yako,
Atuganile


Iringa,
24 Juni 1956

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaisoma kwa sauti darasani mbele ya kina mama, na Sista akasema wewe ndiye mwanafunzi wake bora ingawa hajakuona. Nimelia kidogo, nikajifanya ni vitunguu. Baba anapata rangi! Mwaka mzima sijalala usingizi kama niliolala juzi.

Sasa tusilegee. Ongeza yai, umvurugie kwenye uji ukiwa bado wa moto. Kwenye mbalaga zako za ndizi weka maharage machanga. Kama anakohoa, mchemshie kivumbasi na asali. Parachichi zikiiva, mpondee kwenye ugali wa moto na chumvi, ni mafuta mazuri kuliko ya kununua. Hapa kwetu wakwe zangu Wahehe walinicheka nilipoanza, sasa wananiomba mbegu.

Ila wifi, hicho kidole cha Jailos ni kidole gani kisichopona? Tangu utoto huyu mtu akiumia kidole kijiji kizima kinajua. Aniandikie mstari mmoja, hata kwa mkono wa kushoto. Nataka kusoma kwa mwandiko wake kwamba ameziona kucha za baba.

Ni mimi,
Tupokigwe


Ilomba, Mbeya,
22 Julai 1956

Baba Anyitike,

Mwezi wa saba unakwisha. Njoo nyumbani.

Sina la kuona, lakini nina masikio. Zamani baba yako akipita njia ya chini nilisikia fimbo na hatua. Sasa nasikia fimbo, kisha kimya, kisha fimbo. Jembe lake silisikii. Jumapili ya tatu hii, ile sauti nene inayobeba wimbo toka upande wa wanaume haikuwapo. Mzee Yotamu nikimuuliza anasema, "Anapumzika." Bakuli bado linarudi tupu. Hilo ndilo linanichanganya. Chakula chote kile kinakwenda wapi?

Nimeota mama yako amesimama jikoni ananiuliza, "Umempa?" Nikamwambia nimempa. Akaniuliza tena.

Dada yako anataka mwandiko wako. Nimemdanganya mara mbili kwa ajili yako, na mimi si mtu wa kudanganya, uongo unanikaa tumboni. Niruhusu nimwambie, au uje. Moja kati ya hayo mawili.

Atuganile


Iringa,
19 Agosti 1956

Atuganile,

Kuna dereva anaitwa Crispin, anabeba magogo na mbao toka Sao Hill kupeleka migodini Chunya. Analala kwetu akipita Iringa kwa sababu alisoma na Eliezeri. Jana usiku mezani anamwambia Eliezeri, "Nimemwona shemeji yako Makongolosi, amekonda ila mcheshi vilevile." Nikamwambia amemfananisha. Akanielezea mpaka lile kovu la nyusi. Yuko kule toka Aprili.

Toka Aprili. Sasa uniambie wewe, ni nani aliyeziona kucha za baba yangu? Ni nani aliyeona miguu imepungua? Ulikaa na kalamu ukanitungia macho yenye rangi, nami nikakusoma mbele ya darasa zima. Nimewafundisha wanawake arobaini kwa baba ambaye hakuna aliyemwona.

Nilikwambia habari ya Krismasi kama mwanamke mwenzangu. Kama ulichoka kumpikia ungesema. Kama vile vyakula mnakula wewe na mwanao, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha ya mtu mwingine.

Eliezeri ananizuia kusafiri mpaka mtoto wetu mdogo apone surua. Nitakuja siku ya kwanza nitakayoweza. Sitaki barua yenye neno "Jailos anasema."

Tupokigwe


Ilomba, Mbeya,
26 Agosti 1956

Wifi,

Nimestahili maneno yako isipokuwa moja. Sijala chakula cha baba yenu. Jailos aliniambia nifiche, nikamtii, na kosa la kutii ni langu. Sasa sikiliza nilichokijua jana, kwa maana sitaficha tena.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikwenda kwenye lile jiwe nikamngoja Mzee Yotamu. Alipokuja sikumpa bakuli. Nikamwambia, "Mzee, leo uniambie anakula tonge ngapi." Akaanza, "Tunakula, mwanangu..." Nikamwambia sikuuliza ninyi. Akakaa chini palepale kwenye majani.

Wifi, wanakula watatu. Mikono mitatu kwenye bakuli moja, kama walivyokula tangu wakiwa vijana wanaojenga kijiji chao Rungwe. Baba yenu hajawahi kula peke yake. Mzee Yotamu alisema, "Mtu anayejifungia na chakula kizuri tunamwitaje sisi? Si mchawi?" Chakula kikitoka kwangu, baba yenu ndiye mwenyeji, kwa hiyo wageni wanaanza. Yeye anachukua tonge mbili, hamu hana, anasogeza bakuli. Nikauliza, "Kwa nini hamkulirudisha na chakula nikajua?" Akanijibu, "Yeye alikataa. Kila siku anasema, malizeni, futeni kabisa. Mkwe wangu siwezi kuongea naye. Chakula kikirudi atadhani nimekitukana."

Basi maini yale, mayai yale, usipa wote ule, vimekwenda kwa Mzee Sedekia na Mzee Yotamu. Ndiyo maana anapasua kuni. Nao hawakujua. Habari ya daktari baba yenu hakuwaambia, aliwaambia ni uchovu wa msiba. Mzee Yotamu alipolielewa hilo alishika kichwa, akasema, "Tumemla mwenzetu." Mtu mzima yule, alilia mbele yangu.

Anasema baba yenu hasimami tena tangu Alhamisi.

Kesho asubuhi nitaingia mwenyewe. Nitajifunika shuka. Kama ni mwiko, nitabeba mimi, na wazee wakinitoza ng'ombe Jailos atalipa. Njoo, wifi. Usingoje surua ipone, muache mtoto na baba yake, njoo.

Atuganile


Makongolosi,
2 Septemba 1956

Mama Anyitike,

Usikasirike kwamba sikujibu. Tulikuwa chini kila siku. Sasa sikia. Ijumaa tumepata! Si nyingi, lakini ni yenyewe, nimeishika mkononi mpaka jasho likaingia. Koti la baba nimeshalichagua kwa fundi Mhindi, la kijivu, lenye mifuko ndani. Nimelipima kwa mwenzangu mmoja mwenye mabega mapana kama ya baba.

Nitafika katikati ya mwezi. Mwambie baba kupitia kwa Mzee Yotamu. Na umwambie dada yangu kwamba kidole kimepona, nitamwandikia mwenyewe.

Mzee anakula? Endelea na uji ule wa karanga.

Mumeo,
Jailos


Iringa,
7 Oktoba 1956

Wifi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Eliezeri ameniondolea karatasi zilizochanwa bila kuniuliza kitu, na kwa hilo namshukuru.

Simu ya maandishi ya mchungaji ilinifikia kabla ya barua yako. Nilipanda basi na hasira ileile ya Agosti kifuani. Nilifika Ilomba baba amezikwa jana yake, na wa kwanza niliowaona ni Mzee Sedekia na Mzee Yotamu wamekaa juu ya udongo mpya, wamenawiri, ngozi inang'aa. Sikuelewa. Nilikuona wewe umekaa na wanawake, ukasimama kuja kwangu, na mimi nikaupita mkono wako mbele ya watu wote. Nikasema lile neno. Silirudii hapa. Ulilisikia, na kila mtu alilisikia.

Siku ya pili nikarudi Iringa bila kukuaga. Barua yako ya tarehe ishirini na sita nimeikuta mezani.

Nimeisoma nimesimama mlangoni na mzigo kichwani. Wifi, mimi ni mtoto wa yule mzee. Nimekua nikimwona anatoka na bakuli la mama kwenda kwa wenzake, na mama akiwa nyuma yake akigombeza, "Ulete na kwako!" Mama alimwekea sehemu yake kando, chini ya kapu, ampe usiku wenzake wamekwisha kuondoka. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Miaka kumi na moja niliyokaa huku nimejifunza kila jani, la damu, la kikohozi, la macho, lichemshwe dakika ngapi, lifunikwe na nini. Nikakuandikia yote. Nikasahau kukuandikia kwamba baba yangu hali peke yake. Neno moja tu, wifi, na kapu la mama liko juu ya kabati, pale pale nilipoziweka mbegu.

Darasani sijarudi. Sista alikuja kuniuliza. Nilimwambia sina la kufundisha kwa sasa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja Krismasi, nikuombe nikiwa nimepiga magoti, mbele ya walewale waliosikia. Lakini kuna jambo moja siwezi kulingojea. Uliandika kwamba utaingia. Uliingia? Niambie jinsi ilivyokuwa. Usinipunguzie.

Tupokigwe


Ilomba, Mbeya,
21 Oktoba 1956

Wifi yangu Tupokigwe,

Magoti yako yaache. Tutakaa mkekani, tuchambue mnafu, tulie, basi.

Jailos alikuja tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa, habari ya msiba haijamfikia kule shimoni, akiwa na koti la kijivu mkononi. Watu walimwona toka mbali anakuja anapiga mluzi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkimbilia. Amelitundika koti kwenye msumari wa mlango wa baba yenu. Halivai wala halitoi. Mchana anakula na Mzee Yotamu na Mzee Sedekia, kwa sababu sasa yeye ndiye mwenye nyumba, lakini wale wazee wamekuwa wagumu. Nikipika kitu kizuri wananiuliza kwanza nani ni mgonjwa.

Unataka nikuambie nilivyoingia. Nakuambia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilipika uji wa ulezi, nikatia karanga na yai. Nikajifunika shuka lile jeupe mpaka kifuani, nikawa naona miguu yangu tu. Mzee Yotamu alitangulia na fimbo yake, nami nikashika ncha ya nyuma kama kipofu. Mlangoni Mzee Sedekia alisema, "Anaingia nani?" Mzee Yotamu akamwambia, "Nyamaza, ni jikoni kunakuja." Wakabaki nje wote wawili.

Nilikaa chini nimempa mgongo. Sikujua nianze vipi, maana hata salamu sijawahi kumpa. Nikapeleka bakuli nyuma yangu kwa mkono mmoja, na kijiko. Kisha nikasikia mkono wake unashika ukingo wa bakuli, bakuli linanigongagonga mgongoni. Nikajua hawezi. Basi nikasogea kinyumenyume mpaka bega langu likagusa kitanda, nikachota, nikapeleka kijiko kwa kubahatisha. Mara ya kwanza nilimmwagia kidevuni. Nikakifuta kwa kiganja, bado nimegeuka. Wifi, nilikuwa nimesikia kwamba ni mtu mwenye uso mpana. Mkononi mwangu kulikuwa na mfupa.

Alimeza. Nilikuwa nahesabu mmezo mmoja mmoja. Baada ya muda akasema, kwa sauti ile ya kanisani lakini imebaki upepo, "Ni wewe unayetia ndimu kwenye mboga?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Mke wangu hakujua hilo. Ni tamu."

Nikachota tena. Alikula kidogo tena. Bakuli lilipofika nusu, akalisukuma taratibu na kidole kimoja, akasema, "Hii imenishinda, mwanangu. Chumvi iko sawasawa. Usidhani ni chumvi."

Alifariki Jumatano alfajiri. Kabla ya jeneza kufungwa wanawake waliniambia sasa naruhusiwa, nije nimtazame. Sikwenda. Sura yake mpaka leo siijui. Mchungaji aliniuliza tuandike nini msalabani, Jailos hajafika na wewe uko njiani, nikamwandikia jina kwenye karatasi, mara ya kwanza katika maisha yangu. Abrahamu. Liliniuma mkono.

Siku ile ya Jumatatu nilitoka na bakuli chini ya shuka. Wazee wote wawili walikuwa mlangoni, na hakuna aliyenyosha mkono. Nikaenda nalo mpaka nyumbani, nikalifunika kwa kapu la mama yenu, nikakaa nalo mpaka jioni. Sikulimwaga. Tangu Aprili ndilo bakuli pekee lililorudi na chakula, wifi, na ndilo pekee alilokula yeye.

Wifi yako,
Atuganile